Ruhusa ya Fundi Dishi

Wodi ya mifupa ilimpa mama huyu jina bila kumwuliza. Siku mwanawe alipolazwa, alitazama mto wa hospitali, akaubonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayekagua papai lililoiva kupita kiasi, kisha akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na mito minne kutoka nyumbani kwake, miwili kila kwapa, yenye foronya za maua alizozishona mwenyewe. Mmoja ulikwenda kichwani, mmoja mgongoni, mmoja chini ya mguu uliovunjika. Sista mmoja alipouliza ule wa nne ni wa nini, akajibiwa, "Huo wa akiba, dada yangu." Tangu hapo akawa Mama Mito, na hata daktari bingwa, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alisikika akimwambia mwanafunzi wake, "Nenda kamwangalie yule mgonjwa wa Mama Mito."

Kazi yake ilikuwa cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kwa miaka yote aliyokanyaga ile mashine, mikono yake ilikuwa imesahau kupumzika. Ukikaa karibu naye na uzi unaning'inia begani kwako, ghafla utamkuta ameinama, ameukata kwa meno, na ameendelea na mazungumzo kama vile hakuna kilichotokea. Alimshonea askari wa getini mfuko wa koti uliochanika, na tangu siku hiyo askari yule akawa haoni vizuri nyakati za asubuhi. Wageni wengine walisubiri nje saa ya kuona wagonjwa. Mama Mito alipita na chupa yake ya chai, naye askari akageuka kutazama upande wa pili wa barabara.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Mtoto huyo alikuwa mwanamume mzima, mwenye mke, ndevu na ngazi yake ya chuma, fundi wa kufunga madishi ya televisheni juu ya mapaa ya watu. Ajali yake ilikuwa ya kikazi kabisa. Alikuwa juu akizungusha dishi, mwenye nyumba yuko sebuleni anampigia kelele dirishani, "Bado, bado, kidogo kushoto, hapo hapo, imekuja." Picha ikaja, na fundi akashuka kwa njia ambayo haikuwa ngazi. Watu walisema mwenye nyumba alichelewa kidogo kutoka nje kwa sababu mpira ulikuwa umeanza, lakini hayo ni maneno ya watu.

Alivunjika mfupa wa paja. Madaktari walimpasua, wakapitisha chuma ndani ya mfupa, wakamshona. Mama Mito aliukagua ule mshono siku bendeji ilipobadilishwa, akatikisa kichwa taratibu. "Si mbaya," akasema. "Ila mwisho pale amekimbiza." Mtu aliyeshona hakuwapo, na hilo lilikuwa jambo la heri kwa pande zote mbili.

Wodini kijana akaitwa Fundi Dishi, naye Fundi Dishi alikuwa na haja moja tu duniani. Mkewe alikuwa na mimba iliyofika mwisho, amebaki peke yake ghorofa ya tatu, miguu imevimba, na mkunga amemkataza kupanda na kushuka ngazi ovyo. Ndugu zake wote walikuwa mbali. Fundi Dishi alikuwa amemwahidi kwamba siku ya uchungu ikifika, atakayemshika mkono na kumpeleka ni yeye mwenyewe. Ahadi hiyo aliitoa akiwa na miguu miwili. Sasa alikuwa na mmoja na nusu, na kila jioni alimpigia simu akiwa amegeukia ukutani, anasema kwa sauti ya chini, "Bado? Basi mwambie mtoto anisubiri."

Asubuhi moja daktari bingwa alipita kwenye raundi, akainua picha ya eksirei juu kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mfupa umekaa vizuri. Huyu anaweza kwenda nyumbani." Akaenda zake kitanda kingine.

Mtu asiyewahi kulazwa hudhani neno kama hilo ni mlango. Mama Mito naye alidhani hivyo, akaanza kukunja nguo. Alikuwa ameshafika kwenye soksi wakati sista mkuu wa wodi, mama mnene mwenye miwani kwenye kamba, alipomwambia taratibu, "Mama, tulia kwanza. Daktari amesema anaweza. Hajasema leo."

Ikabidi aelezwe. Kwanza fundi anahitaji magongo ya kutembelea, na magongo yako stoo. Pili, kwenye wodi ile hakuna majeruhi wa mguu anayetoka mpaka mtu wa mazoezi amwone kwa macho yake akifanya mambo yake peke yake: kuinuka kitandani, kwenda choo na kurudi, na kupanda na kushuka ngazi. Akishaona, anamwambia sista mkuu, sista mkuu anamwambia daktari, daktari anaweka sahihi, na mtu anaondoka.

"Kumbe ni magongo tu," akasema Mama Mito, ambaye katika maneno yote yale alisikia la kwanza.

Magongo yakawa vita yake. Alipiga kambi kwenye mlango wa stoo, na mtu wa stoo, bwana mmoja mpole aliyependa amani, alijaribu kumweleza. "Yapo, Mama. Yapo mengi. Tatizo hakuna mawili yanayolingana."

"Haiwezekani."

"Nakwambia kweli. Watu wanaondoka na jozi, wanarudisha moja. Hili refu, hili fupi. Mwanao atatembea kama anapanda mlima upande mmoja."

"Nifungulie."

"Mama, ndani hawaingii watu."

"Mimi siyo watu. Nifungulie."

Aliingia na futi yake ya kushonea, ile ambayo haikuwahi kutoka shingoni mwake, akapima gongo moja baada ya jingine huku mtu wa stoo akimshikia upande wa pili, mpaka akapata mawili yaliyolingana nyuma ya viti vya magurudumu vilivyokufa. Alirudi wodini ameyabeba begani kama bunduki. Wagonjwa wakampigia makofi, wale wenye mikono mizima.

"Sasa kesho tunatoka," akamwambia mwanawe.

Kesho yake mtu wa mazoezi akapita, akamtazama Fundi Dishi, akasema, "Bado." Na siku iliyofuata akapita tena, akasema, "Bado."

Mama Mito alianza kunung'unika, na kitanda cha jirani kilifurahi sana. Kitanda hicho kilikuwa cha Dereva, mtu wa malori ya masafa marefu aliyegongana na ukuta, mguu wake umefungwa kamba iliyopita kwenye kapi na kuning'iniza mfuko wa mchanga. Hakuweza kwenda kokote, kwa hiyo alisafiri kwa mdomo.

"Shikamoo, Mama Mito."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Nimelala chali, Mama. Sina njia nyingine."

"Na hawa watu bado wananiwekea mwanangu hapa. Mfupa umekaa, magongo nimeleta, wanangoja nini? Wanataka aote mizizi?"

Dereva alitazama namna Mama Mito alivyokuwa anafanya huku anasema. Alikuwa ameshamwinua Fundi Dishi kwa kumkumbatia kifuani, ameshamweka mto wa mgongo, ameshamfuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, na sasa alikuwa anapuliza uji kwenye kijiko.

"Huyu mtoto wako ana miaka mingapi, Mama?"

"Kwangu ni mtoto."

"Nauliza tu. Maana naona kijiko kinapita kwenye ndevu."

Fundi Dishi aligeuza uso. "Mama, lete nile mwenyewe."

"Utamwaga. Fungua."

Akafungua. Mtu aliyezaliwa peke yake na mama kama yule anajifunza mapema kwamba kufungua mdomo ni njia fupi kuliko kubishana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Mtu wa mazoezi alikuwa mwanadada mmoja mwenye mabega ya mwogeleaji na viatu vya mpira, ana wodi nyingi za kuzunguka, na hii ya mifupa aliipitia mara moja tu, mapema. Ukimkosa, basi mpaka kesho. Na kila alipofika alimkuta Fundi Dishi ameshainuliwa, ameshaogeshwa, ameshavalishwa, amekaa katikati ya mito yake kama keki ya harusi. Akisema, "Haya fundi, simama nikuone," mikono miwili ya Mama Mito ilikuwa imeshaingia kwapani kabla sentensi haijaisha. Akisema, "Nenda mpaka choo," Mama Mito alikwenda naye bega kwa bega, akasukuma mlango, akashika chupa ya maji, akaita watu wapishe. Safari moja mtu wa mazoezi alimwomba kwa adabu abaki nyuma. Alibaki nyuma. Alibaki nyuma kiasi cha kushika mkia wa shati.

Fundi Dishi aliliona tatizo lakini hakusema. Alimjua mama yake. Alishamwona akilia kwa sababu mtu amekataa chai.

Kwenye korido, nje ya mlango wa wodi, palikuwa na kitanda cha magurudumu, na juu yake bibi mmoja mwembamba aliyevunjika nyonga. Alikuwa anasubiri kitanda kipatikane ndani ndipo apangwe. Binti yake alisimama pale siku nzima akiusogeza mguu wake kila toroli ya chakula ilipopita. Kila asubuhi Mama Mito alipopita na chupa yake, yule binti aliuliza kwa heshima, "Shikamoo, Mama. Mnatoka leo?"

"Wanatuchelewesha, mwanangu. Hospitali hii, acha tu."

"Poleni," alisema binti, na kumfunika mama yake vizuri. Hakusema zaidi, na Mama Mito alitamani angesema, maana macho yake yalimfuata mpaka ndani.

Lilikuwepo jambo jingine ambalo Mama Mito hakumwambia mtu, na pengine hata yeye mwenyewe hakuwa amejiambia kwa maneno. Miaka yote ambayo mwanawe alipanda mapaa, yeye alivunja sindano. Simu ikilia mchana, sindano inavunjika. Mvua ikinyesha na mabati yanateleza, anashona kola juu chini. Sasa kwa mara ya kwanza tangu kijana yule anunue ngazi, mama yake alijua kila dakika yuko wapi. Alikuwa kitandani, na kitanda kilikuwa na kingo za chuma pande zote mbili. Humo ndani hapakuwa na paa la kupanda. Nyumbani kulikuwa na ghorofa tatu za ngazi za saruji zisizo na taa, na baada ya hapo, siku moja, ngazi ya chuma tena.

Siku aliyoamua kwenda kulalamika rasmi, alijitanda vizuri, akasimama mbele ya meza ya sista mkuu.

"Dada, mimi si mgomvi."

"Hapana, Mama. Nani kasema?"

"Lakini mkwe wangu yuko nyumbani tumbo liko hapa. Na mwanangu amekwisha pona. Nataka kumjua mtu anayemchelewesha. Nioneshe tu, nizungumze naye kwa amani."

Sista mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mtu wa mazoezi alikuwa nyuma yake anaosha mikono kwenye sinki. Wakatazamana.

"Mwambie wewe," akasema sista mkuu. "Mimi nina presha."

Mtu wa mazoezi alikausha mikono, akasogeza kiti. "Kaa, Mama."

"Nimesimama vizuri."

"Sawa. Mama, tangu mwanao apate magongo nimekuja hapa kila asubuhi. Sijawahi kumwona akisimama. Nimekuona wewe ukisimama naye."

Mama Mito hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekata kitambaa cha mteja upande usio wake.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umepitia nyuma ya nyumba tu." Akavuta ile futi shingoni, upande huu, upande ule. "Sasa wewe unataka nifanye nini? Nikae pembeni nimtazame akianguka?"

"Sitaki aanguke. Nataka nimwone akikaribia kuanguka, halafu asianguke. Huko ghorofani kwao hutakuwepo kila saa."

"Nitakuwepo."

"Hata chooni?"

Sista mkuu akainama ghafla kutafuta kitu kwenye droo, na mabega yake yakatikisika.

Mama Mito alitoka bila kuaga. Alipita mbele ya bibi wa korido bila kumtazama binti yake, akaenda kukaa kwenye benchi la uwani, karibu na bomba la maji. Alikuwa amekasirika kwelikweli, na hasira yake ilikosa pa kukaa. Akachukua simu, akampigia mkwe wake ili apate mtu wa kumuunga mkono.

"Umesikia wanavyosema? Ati mimi ndiye ninamchelewesha mume wako."

Mkwe alikuwa mtu wa maneno machache na heshima nyingi, na tangu aolewe hakuwahi kumpinga Mama Mito hata kwenye kiasi cha chumvi. "Mama, tumbo limeshuka," akasema. "Tangu jana. Nimekaa hapa naziangalia hizi ngazi."

"Usiogope, mwanangu. Saa ikifika nipigie mimi. Nitapanda teksi, nitakuja, nitakushika mimi mwenyewe mpaka chini."

"Najua utakuja, Mama."

"Eeh. Sasa wasiwasi wa nini?"

"Namtaka yeye, Mama."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba samahani. Kisha wakaongea habari za uvimbe wa miguu, wakaagana. Mama Mito alibaki na simu mkononi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani, haina kazi, naye akaitazama kama wageni waliokuja bila taarifa.

Kesho yake alifika mapema kama kawaida. Alimpita askari, akampita bibi wa korido, akaingia wodini, akaweka chupa juu ya kabati. Fundi Dishi alikuwa amelala chali, anasubiri kuinuliwa. Mama yake akavuta kiti, akakiweka upande wa pili wa Dereva, mbali, akakaa.

Fundi Dishi alimtazama. "Mama, unaumwa?"

"Mimi mzima."

"Mbona umekaa huko?"

"Nimekuja kumsalimia Dereva."

Dereva, ambaye hakuwahi kusalimiwa kwa kiti, akajipangusa uso kwa shuka kama mwenye mgeni.

Mtu wa mazoezi alipoingia akaliona lile pengo kando ya kitanda, akakonyeza jicho kidogo sana, akasema, "Haya, fundi. Inuka."

Ilimchukua muda. Alivuta mguu kwa mikono kama anayevuta gunia, akakaa, akahema, akasukuma, akarudi chini, akasukuma tena. Kiti cha Mama Mito kililia. Alikuwa amekalia mikono yake, mmoja chini ya kila paja, na jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu. Fundi Dishi akasimama. Akayumba kama mlingoti wa antena kwenye upepo, akatulia. Akaenda choo, akarudi, shati limepinda na kifungo kimoja hakipo mahali pake, na mama yake aliona kile kifungo na kukitamani kama mtu anayetamani maji.

"Sasa ngazi," akasema mtu wa mazoezi.

Ngazi za mazoezi zilikuwa mwisho wa korido, za mbao, vidaraja vichache vya kupanda na vichache vya kushuka, hazikuwa zinakwenda popote. Mama Mito akanyanyuka.

"Hapana, Mama," akasema mwanawe. Hakuwahi kumwambia neno hilo kwa sauti ile. Haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu mzima. "Nisubiri hapa."

Wakatoka. Kutoka alipokaa Mama Mito hakikuonekana kitu ila fremu ya mlango. Lakini kitanda cha Dereva kilikuwa kimeelekea korido moja kwa moja, na kwa wiki zile zote alizofungwa kwenye kamba yake alikuwa ndiye mtu aliyeyajua mambo ya korido kuliko mwenye hospitali.

"Dereva," akasema Mama Mito.

"Naam, Mama."

"Unamwona?"

"Namwona kama namba ya gari iliyo mbele yangu."

"Sema basi."

Dereva akakohoa, akajiweka sawa juu ya mto, akaanza. "Amefika mbele ya ngazi. Anazitazama. Ngazi nazo zinamtazama. Amepangusa jasho. Mtu wa mazoezi anamwonesha kwa mkono, mguu mzima kwanza. Ameelewa. Hajaelewa. Sasa ameelewa. Mguu mzima umepanda."

"Na ule mwingine?"

"Subiri, Mama, dereva hapigiwi kelele. Mwingine umefuata. Magongo yamefuata. Daraja la kwanza limepita, abiria wote salama. Anakwenda la pili. Mguu mzima, haya, taratibu, gongo la kulia..."

Kitu kikaanguka korido kwa kishindo.

Mama Mito alikuwa amesimama kabla sauti haijaisha. Mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia. "Nini hicho?"

"Kaa, Mama."

"Nakuuliza nini hicho."

"Gongo. Limedondoka gongo. Yeye hajadondoka. Ameshika ubao wa pembeni."

"Nani amemwokotea?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Yule mwanamke anafanya nini?"

"Amefunga mikono kifuani. Anatazama."

"Hana roho yule."

"Mama." Dereva aliacha ule mchezo wa sauti. Alimtazama usoni. "Ukitoka sasa, atarudi kitandani. Halafu mkeo," akajikosoa, "mkewe, atashuka na nani?"

Mlangoni palikuwa hatua chache tu. Mama Mito alisimama katikati ya wodi, wagonjwa wote wamemgeukia, hata yule wa kona aliyekoroma mchana na usiku. Alisikia mwanawe anahema huko nje. Alisikia mbao zinalia. Akageuka, akarudi kwenye kiti, akakaa juu ya mikono yake.

"Sema," akasema.

"Anajaribu kulivuta kwa gongo jingine, kama mtu anayevua. Limemtoroka. Amelivuta tena. Amelipata, limeegemea ngazi. Ameinama kidogo, ameshika. Amelitia kwapani. Anacheka, Mama. Sijui anacheka nini. Daraja la pili. La juu. Amefika. Sasa anageuka, hapo usiniulize kitu. Amegeuka. Anashuka, mguu mbovu kwanza. Wa pili. Chini. Yuko chini." Dereva akajilaza. Alikuwa amelowa jasho kuliko mgonjwa. "Mama, nimechoka mimi."

Mtu wa mazoezi alitokea mlangoni kwanza, akainua kidole gumba kuelekea meza ya sista mkuu. Nyuma yake Fundi Dishi, polepole, peke yake, na uso kama wa mtu aliyepata picha safi kwenye chaneli zote.

Hospitali haikuacha tabia yake kwa sababu ya siku moja nzuri. Sista mkuu alimwambia daktari, lakini daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Alipotoka, mtu wa dawa alikuwa amekwenda kula. Mtu wa dawa aliporudi, daktari alikuwa ameitwa tena. Fundi Dishi alikaa ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi amevaa viatu, mfuko magotini.

"Tulia," Dereva alimwambia. "Kutoka hapa ni kama foleni ya malori kwenye mizani. Unaiona barabara, lakini huipati."

Hatimaye, jioni, sahihi ya daktari ikapatikana. Kabla hawajafika kwenye mlango wa wodi, mhudumu alikuwa ameshabadilisha mashuka, na bibi wa nyonga anaingizwa, binti yake anasukuma upande wa kichwa. Alipopishana na Mama Mito aliachia mkono mmoja, akamshika bega. Mama Mito aliona uzi umetokeza kwenye mkono wa gauni la yule binti, akauacha.

Ngazi za ghorofa ya tatu alizipanda nyuma ya mwanawe, kama mtu wa mazoezi alivyoelekeza, mikono tayari, haigusi. Walipumzika kila ghorofa. Juu kabisa mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiuno, anacheka na kulia kwa pamoja. "Sasa hata uchungu ukija, uje," akasema. Mama Mito alipanga mito, akapika, akaosha vyombo, na alipomaliza alichukua mkoba wake akasema anakwenda kwake, sare za watu zinamsubiri. Mwanawe na mkwe wake walitazamana, wakadhani wamesikia vibaya.

Uchungu haukukawia. Mama Mito alikuwa kwenye mashine, katikati ya mfuko wa kaptura, simu ilipolia, na sindano ikavunjika kama kawaida yake.

"Mama, tumeshafika hospitali," alisema Fundi Dishi. "Tumeshuka wenyewe. Taratibu, lakini tumeshuka. Mimi nilitangulia, yeye ameshika bega langu."

"Nani alimshika nani, basi?"

"Hata sisi hatujui. Na pale mapokezi wahudumu wakaniona na magongo, wakanikimbilia na kiti cha magurudumu. Wawili. Wamenishika kabisa wananikalisha. Nawaambia si mimi, ni huyu, hawasikii. Mke wangu alicheka mpaka chupa ya uzazi ikapasuka."

"Nije?"

"Ukitaka, Mama. Lakini niko hapa."

Hakwenda. Alibadilisha sindano, akashona mfuko, akaufumua, akaushona tena. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili simu ilipolia kwa mara nyingine.

"Msichana, Mama."

"Wote wazima?"

"Wazima. Mama yake amelala."

"Alhamdu... ahsante Mungu." Akapangusa macho kwa kaptura ya mtoto wa watu. "Na wewe? Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama. Kitanda chake kiko juu, nikikaa simwoni."

Mama Mito alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, fupi, la kumwambia mtu mzima akae chini. Akalimeza.

"Haya," akasema. "Niambie anafanana na nani."